Mfuniko wa tenki la ndege ndogo unavuja? Soma hapa kabla hujanunua sili

Wakuu, kama una ndege ndogo ya injini ya pistoni, au unaihudumia ya mtu, na umewahi kuona ile michirizi ya bluu juu ya bawa inaanzia kwenye mfuniko wa mafuta inarudi nyuma, basi haya yanakuhusu. Ule ubluu ni rangi ya avgasi 100LL, yani petroli ya ndege, petroli yenyewe imeshakaushwa na upepo imebaki rangi tu, na inakuonyesha bila kuuliza mtu mafuta yametokea wapi. Wengi wakiiona wanachukua kitambaa wanapangusa, wanasema ni kidogo tu, wanaruka. Naomba usifanye hivo. Nitaeleza kwa nini, alafu tuingie kwenye kuchagua sili yenyewe, yani raba ya kuzibia mfuniko, maana hapo ndo watu wanakosea sana, mtu anachukua oringi yoyote, ile raba ya duara kama pete, inayoingia kwenye mfereji anaona kazi imeisha, kumbe kuingia ni jambo moja na kukaa ndani ya petroli, jua, mvua na baridi ya juu miaka kadhaa ni jambo lingine kabisa.

Kwanza ujue mambo mawili yanayopita kwenye sili mbovu. La kwanza ni mafuta kutoka. Ndege ikiwa angani presha ya hewa juu ya bawa inakuwa ndogo, ndo namna bawa linavyonyanyua ndege, na mfuniko wenyewe umekaa hapohapo juu ya bawa. Kwahiyo pakiwa na upenyo, mafuta hayasubiri kumwagika, yananyonywa. Upenyo ambao chini pale uwanjani hauonyeshi hata tone unaweza kunyonya mafuta mengi tu ukiwa safarini, na wewe rubani wa ndege ya bawa la juu huoni chochote maana mfuniko uko juu ya kichwa chako. Kwenye ndege zenye matenki ya mifuko ya raba ndani ya bawa kuna ubaya zaidi, ule mnyonyo unaweza kunyanyua sakafu ya mfuko, boya la geji linapanda nao, geji inakuambia mafuta yapo wakati yanaisha. Hapo ndo utaelewa kwa nini nasema usipanguse tu ukaondoka.

La pili ni maji kuingia, na mimi kati ya hayo mawili naogopa zaidi hili la maji. Mafuta yakitoka yanaacha alama. Maji yakiingia hayaachi alama popote, yanashuka chini ya tenki kwasababu lita ya maji ni kilo 1 na lita ya avgasi ni kama kilo 0.72, yanakaa kule chini ambako ndo injini inavuta, alafu yanasubiri ndege inyanyue pua wakati wa kupaa. Mifuniko ile ya kulala sawa na ngozi ya bawa, yenye kishimo cha kukalia mkono wa kufungulia, ina shida hii kuliko mingine kwasababu mvua inajaa kwenye kile kishimo kama maji kwenye kisosi na inakaa pale usiku kucha inatafuta njia. Mwaka 1984 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima namba 84-10-01 kwa aina kadhaa za Cessna zenye matenki ya mifuko ya raba, sababu ikiwa ni maji kwenye mafuta na injini kupoteza nguvu, na mifuniko ilikuwa sehemu ya ukaguzi ule. Ndo maana ndege nyingi za zamani za aina hiyo utazikuta saivi zimewekwa mifuniko ya mwavuli, ile iliyoinuka na kufunika shingo ya tenki, ili mvua iteleze pembeni badala ya kutuama.

Sasa mfuniko una sili ngapi?

Swali dogo ila ndo linalokula hela za watu. Mifuniko mingi ya kulala ina oringi mbili, sio moja. Ipo ile kubwa inayozunguka mwili wa mfuniko, hiyo kila mtu anaiona. Alafu ipo ndogo, imevaa kwenye shafti ya katikati inayounganisha mkono wa juu na kishikio cha chini, iko ndani ya tundu, huioni mpaka ufungue nati ya chini uchomoe shafti. Nimeshawahi kubadilisha oringi kubwa mara mbili kwenye mfuniko mmoja, mara zote sili mpya, saizi sahihi, na bado kila baada ya mvua tunatoa maji kwenye dreni, ile njia ya kutolea maji chini ya tenki, la upande ule. Siku ya tatu nikauchukua mfuniko nikaushika mkononi ukiwa umefungwa, nikajaza maji kwenye kile kishimo cha juu, nikauinua usawa wa macho nikaangalia chini yake. Haikupita dakika, kikaonekana kijitone kimening'inia kwenye ncha ya shafti, kikanenepa, kikadondoka, kikaanza kingine. Oringi kubwa ilikuwa haina kosa lolote. Nilipochomoa shafti ile oringi ndogo ilitoka vipande viwili, ngumu kama ukucha.

Kwahiyo hicho ndo kipimo cha kwanza nakuomba ufanye kabla ya kununua kitu, hakigharimu chochote zaidi ya kikombe cha maji. Mfuniko nje ya ndege, kishimo kimejaa maji, karatasi kavu chini, subiri kama dakika kumi. Karatasi ikilowa katikati, ni oringi ya shafti. Ikibaki kavu kabisa na ndege bado inaingiza maji au inatoa mafuta, basi tatizo liko kwenye ile kubwa au kwenye shingo ya tenki inapokalia. Na kama unafungua mfuniko mmoja, badilisha zote mbili kwa pamoja, zina umri mmoja hizo.

Mifuniko ya mwavuli yenyewe mingi inatumia gaskiti bapa ya raba badala ya oringi kubwa, hapo habari ni nyepesi zaidi, ila mambo ya aina ya raba nayoeleza chini yanaihusu vilevile.

Usiitupe ile ya zamani, isome

Oringi iliyotoka inaongea. Ioshe, ikaushe, ishike kwenye mwanga wa tochi. Ikikatwa, umbo lake linatakiwa kuwa duara. Ukikuta imekuwa bapa upande mmoja kama herufi D ujue imekandamizwa mpaka imesahau kurudi, ni uzee wa kawaida, au mfuniko ulikuwa umekazwa kupita kiasi. Ikunje taratibu kati ya vidole viwili: ikitokea mistari midogomidogo ya nyufa upande wa nje, hiyo imeliwa na jua na ozoni ya hewani, na oringi iliyopasuka upande wa juu ina maana inaishi sehemu inayopigwa na jua sana, utakumbuka hilo wakati wa kuchagua aina. Ikiwa laini inavutikavutika, imenenepa, inatoka kwenye mfereji kama imezidi, basi raba ile haikuwa ya petroli, mtu aliweka isiyofaa. Ikiwa ngumu na imenywea, petroli imeilainisha miaka na kunyonya vile vilainishi vyake vya ndani alafu ikakauka. Na ukikuta mkato mmoja mkali sehemu moja tu, acha kuangalia oringi, nenda kaangalie shingo ya tenki sehemu ileile, kuna ukingo umekwaruzwa na bomba la kujazia mafuta.

Hili la kunywea nataka nilikazie kidogo kwasababu linachanganya watu. Raba ya nitrili ikikaa kwenye petroli inavimba kiasi, hilo ni kawaida na kwa kiasi fulani linasaidia kuziba. Ndege ikikaa miezi bila kuruka na tenki liko nusu, sili ya juu inakauka, inasinyaa, tena inasinyaa kuliko ilivyokuwa mpya. Siku unajaza tenki mpaka juu inavuja, alafu baada ya siku mbili tatu imeacha kuvuja maana imevimba tena. Mwenye ndege anasema imepona yenyewe. Haijapona, inaziba kwa uvimbe tu, ikikauka tena inaachia.

Na hapohapo unaona kwa nini kuchukua kipimo kwenye oringi ya zamani ni kujidanganya. Iliyotoka imevimba au imenywea au imelala bapa, ukiipima kwa kalipa unapata namba ya kitu ambacho hakijawahi kuuzwa.

Saizi unaipata wapi

Kwenye kitabu cha spea cha ndege yako, kwa modeli na serial namba ya ndege, sio modeli peke yake kwasababu watengenezaji walibadilisha mifuniko katikati ya miaka. Alafu linganisha na mfuniko ulioko mkononi, maana ndege za miaka arobaini hamsini zimepita mikono mingi na sio ajabu kukuta mfuniko wa kushoto ni wa asili na wa kulia ulibadilishwa kwa kibali maalum cha mtengenezaji mwingine. Ukiona namba imechongwa kwenye mfuniko ambayo haiko kwenye kitabu, tafuta kwenye rekodi za ndege huo mfuniko uliingia lini na kwa karatasi gani, sili yake itatoka kwa huyo aliyeutengeneza.

Namba nyingi utakazokutana nazo zina mkia baada ya kistari, na ule mkia ndo saizi kwa mfumo unaoitwa AS568. Inasaidia kuusoma. Nyingi zinazoanza na sifuri unene wa raba ni milimita 1.78, za mia moja ni 2.62, za mia mbili ni 3.53, za mia tatu ni 5.33, za mia nne ni 6.99. Kwahiyo mtu akikuletea oringi ya mia moja badala ya mia mbili kwasababu kipenyo cha ndani kinafanana, amekuletea nyembamba kwa karibu milimita nzima, itaingia vizuri kabisa mkononi utafurahi, na itavuja siku ileile. Sili ya aina hii inaziba kwa kubanwa, unahitaji ibanwe kama asilimia 15 mpaka 30 ya unene wake, yani ya milimita 3.53 ibanwe nusu milimita mpaka milimita moja hivi. Ikibanwa pungufu haizibi, ikizidi inakufa mapema na mkono wa mfuniko unakuwa mgumu mpaka watu wanaugonga. Na usivute oringi ndogo ili ivae mfereji mkubwa, ikishanyooshwa zaidi ya asilimia 5 inakonda na inazeeka haraka.

Raba ya aina gani

Hapa ndo penyewe. Raba zote nyeusi zinafanana machoni, na zingine zinauzwa kwa rangi, ila ndani ni vitu tofauti kabisa.

Nitrili, wengine wanaiita Buna-N, ndo ya siku zote. Ndo ilikuja na ndege nyingi kutoka kiwandani. Kwa avgasi inafaa, inastahimili baridi vizuri, ni ngumu kuchanika, na ni rahisi kupatikana. Kwenye nitrili kuna namba ya kuikariri, MS29513, hiyo ni oringi ya nitrili iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya petroli. Usiichanganye na MS28775 ambayo nayo ni nitrili nyeusi ileile kwa macho, saizi zilezile, ila imeundwa kwa ajili ya mafuta ya hidroliki, utaikuta kwenye breki na mashoki. Kwenye droo la fundi hizi mbili zikitoka kwenye pakiti hakuna binadamu anaweza kuzitofautisha kwa kuangalia. Udhaifu wa nitrili ni jua na ozoni, na mfuniko wa mafuta uko sehemu ya ndege inayopigwa na jua sana. Ndege inayolala ndani ya hanga nitrili itakupa miaka mizuri. Inayolala nje ihesabie muda mfupi zaidi na uikague mara nyingi.

Fluorosilikoni, mara nyingi inakuja na rangi ya bluu japo sio lazima, namba zake zinaanza na M25988. Mimi kwa mfuniko wa mafuta naipenda hii, nasema wazi. Petroli haiivimbishi sana, jua na ozoni haviisumbui, na kwenye baridi inabaki laini mpaka chini ya nyuzi 50 za ubaridi, haisinyai ovyo ikikauka. Ubaya wake mmoja ni kwamba ni laini, inachanika na kukatika kirahisi, haipendi kusuguliwa. Kwa ile oringi kubwa iliyokaa tu ikibanwa hilo sio tatizo mradi shingo ya tenki iwe safi haina makwaruzo. Kwa oringi ndogo ya shafti ambayo inazungushwa kila mfuniko unapofunguliwa, itazame kwa makini zaidi, kama kitabu kinakuruhusu aina zote mbili basi pale kwenye shafti nitrili ina hoja yake. Ila tafadhali, fluorosilikoni sio silikoni. Silikoni ya kawaida, hata ile nzuri ya jikoni nyekundu au nyeupe, ikiingia kwenye petroli inavimba vibaya na kulegea. Jina linafanana, kazi haifanani.

Viton, kwa jina la kikemikali fluorokaboni, namba M83248. Kwa petroli ni ngome, kwa joto ni ngome, kwa jua pia, ndo maana watu wengi wanaona ni ya bei ya juu basi itakuwa bora kila sehemu. Shida yake ni baridi. Viton ya kawaida ikifika kwenye nyuzi 15 mpaka 20 chini ya sifuri inaanza kuwa ngumu kama plastiki, haifuati tena umbo la shingo. Unaweza kusema huku kwetu hakuna baridi hiyo, lakini kumbuka hewa inapoa kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000 unazopanda, futi 12,000 kwenye hali ya kawaida ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na bawa juu limekaa kwenye upepo huo saa nzima. Kwa ndege inayoruka chini na sehemu za joto Viton inakaa vizuri sana. Kwa anayepanda juu sana au anayelaza ndege kwenye baridi kali, aangalie aina nyingine.

EPDM hapana. Ni raba nzuri kwa breki za gari na kwa mafuta fulani ya hidroliki ya ndege kubwa, ila kwenye petroli inavimba na kuharibika. Nayo ni nyeusi, nayo ina saizi zilezile. Raba ya asili nayo hapana.

Alafu angalia unaweka mafuta gani. Kama ndege yako ina kibali cha kutumia petroli ya magari, petroli ile inaweza kuwa na ethanoli, na vibali vingi vya aina hiyo vinakataza ethanoli kabisa, sili ikiwa mojawapo ya sababu. Na saivi kuna avgasi mpya zisizo na risasi, mojawapo G100UL ambayo FAA iliidhinisha mwaka 2022. Baadhi ya hizi mpya zina zile kemikali za aromatiki kwa wingi kuliko 100LL, na nitrili kadri inavyokutana na aromatiki nyingi ndo inavyovimba zaidi, alafu ukirudi kwenye mafuta ya zamani inanywea na kuacha mwanya. Kwahiyo kama unabadilisha mafuta, au uwanja mmoja unajaza hivi na mwingine vile, hiyo peke yake ni sababu ya kufikiria fluorosilikoni au Viton badala ya nitrili, na ni sababu ya kusoma maelekezo ya hao wa mafuta kuhusu sili kabla ya kujaza.

Pakiti na karatasi zake

Usinunue oringi ya ndege iliyo tupu bila pakiti, hata kama muuzaji unamwamini. Kwenye raba hakuna kilichoandikwa. Zamani kulikuwa na vidoti vya rangi, chekundu kilikuwa kwa ajili ya mafuta ya kuendeshea injini, lakini rangi zinafutika na watengenezaji hawakufanana, usijenge maamuzi juu ya kidoti. Pakiti ndo ina namba kamili, aina ya raba, namba ya bechi na tarehe ya kuchomwa kiwandani, mara nyingi imeandikwa kwa robo ya mwaka, mfano 3Q19 ina maana robo ya tatu ya 2019. Nitrili ikitunzwa vizuri kwenye pakiti iliyofungwa inahesabiwa miaka 15 toka tarehe hiyo, Viton na fluorosilikoni hazina kikomo cha rafu. Ila kutunzwa vizuri ni mbali na jua, mbali na joto na mbali na mota za umeme zinazotoa ozoni, sio kuning'inizwa kwenye msumari ukutani, oringi iliyoning'inizwa inavutika na kupoteza umbo.

Na hili la sheria: sili lazima iwe ile iliyoidhinishwa kwa mfuniko ule, ama ya mtengenezaji wa ndege, ama yenye idhini kama PMA (kibali cha FAA cha kutengeneza spea), ama namba ya kiwango iliyotajwa kwenye kitabu cha spea. Hata kama mimi nimesema napenda fluorosilikoni, kama kitabu chako kinataja nitrili tu, basi ongea na fundi wako mwenye leseni kwanza kama kuna kibali cha kubadilisha. Na nani anaruhusiwa kufanya hii kazi na kusaini inategemea ndege imesajiliwa wapi, ulizia kabla hujashika bisibisi.

Mfuniko wa kupumua

Kabla hujaagiza chochote geuza mfuniko uangalie kama una valvu ya kupumulia. Mafuta yakitoka tenki lazima hewa iingie, na ndege kadhaa zina mfuniko mmoja unaopumua na mwingine usiopumua, Cessna 172 nyingi ziko hivo, kulia unapumua. Nimekuta watu wamebadilishana mifuniko wakati wa kusafisha, na kibaya zaidi kuna mtu aliona hewa inapita kwenye valvu akaona ndo inapovujia akaiziba kwa gundi. Ukiziba pumzi ya tenki, tenki linajikunja au injini inakosa mafuta huku tenki limejaa. Ile valvu nayo ina kiraba chake cha ndani, inatakiwa iruhusu hewa kuingia na izuie mafuta kutoka. Ikiwa yenyewe ndo imechoka, badilisha valvu au mfuniko mzima, oringi mpya haitakusaidia.

Kuweka

Fanyia nje au sehemu yenye hewa, ndege imeunganishwa waya wa ardhi, hakuna simu sikioni wala sigara, vaa glovu maana 100LL ina risasi ndani. Toa oringi ya zamani kwa kijiti cha plastiki au mbao, ukitumia bisibisi unachora mfereji na huo mchoro ndo utakuwa njia mpya ya kuvuja. Safisha mfereji mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Alafu pitisha kidole polepole kuzunguka shingo yote ya tenki, kidole kinagundua kuliko macho. Ukisikia vishimo vya kutu au ukingo umejikunja ndani sehemu ambayo bomba la kujazia linagonga, simama hapo. Oringi mpya juu ya shingo yenye vishimo ni kupoteza muda, shingo irekebishwe kwanza kwa namna ambayo kitabu kinaruhusu.

Paka oringi mpya grisi nyembamba sana inayostahimili petroli, kiasi cha kung'aa tu, ivae bila kuiviringisha. Ikishakaa pitisha kijiti laini chini yake zungusha mara moja, ile mizunguko iliyojisokota inajifungua yenyewe, nimeona oringi mpya kabisa inavuja kwasababu tu ilikaa imejisokota. Usiongeze gundi ya silikoni wala uzi wa kuzibia wala kitu kingine chochote, petroli itaikula, vipande vitashuka kwenye chujio.

Kama mfuniko wako una nati ya kurekebishia mkazo chini, yenye kota pini (kile kipini kinachozuia nati isilegee), hapo ndo unapanga ubanaji. Kaza kidogo, jaribu kufunga, kaza kidogo tena. Mkono wa mfuniko unatakiwa ulale kwa nguvu ya kidole gumba, usikie unapinga kidogo alafu unakubali. Kisha kipimo cha karatasi: kata ukanda mwembamba wa karatasi, uweke kati ya sili na shingo, funga, vuta. Inatakiwa itoke kwa shida, na shida iwe ileile ukirudia kwenye sehemu sita au nane kuzunguka. Sehemu moja ikitoka laini, hapo ndo patavuja. Ukimaliza weka kota pini mpya, hiyo ya zamani usiirudishe.

Jaribu kwanza nje ya tenki kwa maji kama mwanzo. Ikipita, rudisha kwenye ndege, jaza tenki, kausha kuzunguka mfuniko, paka unga wa chaki mwembamba pembeni yake, acha juani. Petroli inatanuka, lita 100 zikipata joto nyuzi 20 zaidi zinaongezeka karibu lita 2, kwahiyo tenki lililojaa mpaka juu litasukuma. Mafuta kutoka kwenye bomba la kupumulia chini ya bawa ni kawaida, kwenye chaki hapana. Chaki ikibadilika rangi hata kidogo fungua uanze upya.

Baada ya safari ya kwanza usiende kunywa chai kabla hujapanda ngazi ukaangalia nyuma ya mfuniko kwa tochi. Na mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake toa sampuli kwenye kila dreni, kwenye chupa ya kioo safi, iache itulie uangalie chini kuna mstari unaotenganisha. Ukiona pasafi, andika kwenye kitabu cha ndege namba ya sili, tarehe iliyokuwa kwenye pakiti, na upande wa bawa ulioiweka, ile ndogo ya shafti nayo uiandike kwa jina lake.